Koili Gani Tununue?

(Maneno ya Katibu mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile, na wale waliokuwepo lakini wameanza kusahau. Tafadhali usichane karatasi hii, wengine hawajaisoma.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo moja tu, nami sitatoka nje ya jambo hilo. Ni jambo la koili.

Mnajua kwamba kwa misimu miwili tumekubali kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yetu ya tumbaku. Fedha hizo sasa zinatosha kununua koili moja ya mashine yetu ya kutafutia dhahabu. Narudia: koili moja, siyo mbili. Koili halisi bei yake inakaribia bei ya ng'ombe mzuri. Fedha hizo hizo zingeweza kununua mabati ya bani lile linalovuja. Kwa hiyo tukikosea, hatukosei kwa mchezo. Tunakosea kwa jasho la watu.

Juzi pale ghalani tulipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Vijana wanasema tununue koili kubwa, ile ya inchi 18, eti itafika chini kwenye dhahabu nyingi. Wazee wengine wanasema hapana, ndogo inatosha. Nikauliza, jamani, kuna mtu ameipima hata moja? Kimya. Basi tulikuwa tunabishana juu ya kitu ambacho hatujakipima.

Kabla sijaendelea, nina deni la kulipa mbele yenu.

KOSA LA MWAKA ULE

Mnakumbuka koili ya kwanza tuliyonunua, ile iliyokaa stoo mpaka panya wakatafuna waya wake. Wengi mlisema mwuzaji ametuibia. Leo nataka kusema ukweli. Katika kamati ya watu watatu waliokwenda kununua, mimi nilikuwemo, na sahihi ya mwisho ni yangu.

Lile boksi lilikuwa limeandikwa Kiingereza. Mimi, kama mnavyojua, kalamu nimeishika ukubwani, katika darasa la jioni. Kiswahili nasoma, hesabu najumlisha, lakini Kiingereza sijui. Mwuzaji akasema, "Hii inaingia mashine zote." Nilitaka kumwambia angoja, nipeleke boksi kwa mwalimu anisomee. Nikaona aibu. Nikafikiri, Katibu mzima aombe kusomewa? Nikatia sahihi.

Kufika nyumbani, plagi ikaingia vizuri kabisa. Tukapiga makofi. Mashine ikawashwa, ikalia ovyo kama mbuzi aliyefungiwa, na haikunyamaza. Baadaye mwalimu aliposoma boksi akatuambia: koili hii imetengenezwa kwa mashine ya aina nyingine kabisa. Pale boksini ilikuwa imeandikwa wazi. Ni sisi tuliokuwa hatujasoma.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule niliofanya mimi. Nimeomba radhi kwa bodi, na sasa naomba radhi kwenu wote. Na ili fedha ile isiwe imepotea bure, tuchukue funzo lake la kwanza: KUINGIA KWA PLAGI SIYO USHAHIDI KWAMBA KOILI NI YA MASHINE HIYO. Kwanza soma jina la mashine na namba yake, halafu soma kwenye boksi la koili kama jina hilo na namba hiyo vimetajwa. Kama huwezi kusoma, tafuta anayesoma. Huyo mwuzaji atasubiri.

KOILI INAFANYA NINI?

Wengine mnadhani mashine inaiona dhahabu. Haioni kitu. Inasikiliza.

Ndani ya ile plastiki ya koili kuna waya wa shaba umezungushwa mara nyingi. Mashine yetu ni ya namna ya mapigo. Yaani inapeleka umeme wa betri kwenye ule waya kwa vipande vifupi sana, pigo baada ya pigo, mamia au maelfu kwa sekunde moja. Kila pigo linatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Pigo linapokatwa ghafla, kama chini kuna chuma, au risasi, au shaba, au dhahabu, basi ndani ya kipande kile umeme mdogo unazunguka kwa muda mfupi, halafu unakufa. Muda huo unahesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Koili inausikia, na mashine inaugeuza kuwa sauti masikioni mwako.

Hapo kuna jambo la kushika. Kipande kikubwa umeme wake unakufa polepole. Kipande kidogo unakufa upesi. Dhahabu ndogo kama punje ya mchele inanong'ona mara moja tu, basi. Kwa hiyo ukitaka kuisikia lazima uwe karibu nayo.

Jambo la pili ni umbali. Sauti haipungui taratibu kama njia ya kwenda kisimani. Kwa kipande kidogo kilicho mbali na koili, ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti inapungua mpaka inabaki sehemu moja tu katika sehemu 64. Mwalimu ametuandikia hesabu hiyo ubaoni: mbili mara mbili, mara mbili, mpaka mara sita, unapata 64. Ndiyo maana anayeinua koili kimo cha vidole vinne juu ya ardhi anapoteza dhahabu ambayo angeipata kama angeipitisha karibu kugusa majani. Na ndiyo maana koili yenye upana mara mbili haikupi kina mara mbili. Vijana, hilo mlishike.

AINA MBILI ZA WAYA

Kabla ya ukubwa, tuseme aina. Kwa mashine yetu kuna aina mbili tutakazokutana nazo dukani.

Aina ya kwanza ina mzingo mmoja tu wa waya. Mzingo ule ule unapiga, na ule ule unasikiliza. Wenye kujua wanaiita mono. Nguvu yake ardhini inakuwa kama kichuguu kilichopinduliwa: pana juu, nyembamba chini. Mono inasikia vizuri vitu vidogo, na kwa kawaida inakwenda chini zaidi kuliko ndugu yake wa ukubwa ule ule. Ubaya wake ni kwamba inasumbuliwa na udongo wenye chuma. Katika udongo mwekundu wenye kokoto za chuma inalialia.

Aina ya pili ina mizingo miwili, kila mmoja umekaa kama herufi D, na imewekwa mgongo kwa mgongo, ikipandana kidogo katikati. Mmoja unapiga, wa pili unasikiliza. Inaitwa dabo-di. Nguvu yake haishuki kama kichuguu, inashuka kama bapa la panga kutoka mbele mpaka nyuma ya koili. Hii inavumilia udongo mbaya. Inatulia. Lakini inaacha kidogo katika kina, na katika zile punje ndogo kabisa.

Koili tuliyo nayo sasa, iliyokuja na mashine, ni dabo-di ya inchi 11, karibu sentimita 28. Wengi mmeidharau kwa sababu ni ya zamani. Msiidharau. Kule bondeni kwenye udongo mwekundu ndiyo inayofaa, na nitaeleza.

UKUBWA

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe.

Koili kubwa ina faida, sitaki kudanganya. Inashuka chini zaidi kwa kipande kikubwa. Na inamaliza eneo upesi. Tuchukue kipande cha ardhi cha urefu wa mita 20. Mwenye mono anatakiwa kila anapopitisha koili apande nusu ya pale alipopita, ili ile ncha nyembamba ya chini isiache mapengo. Ukiwa na koili ya inchi 18, ambayo ni kama sentimita 46, unasogea sentimita 23 kila mara. Utapitisha kama mara 87. Ukiwa na koili ndogo ya yai, ya inchi 10 kwa 5, unasogea kama sentimita 13. Utapitisha kama mara 154. Ni karibu mara mbili ya kazi. Hilo ni kweli na mtu asilifiche.

Lakini koili kubwa ina hasara zake. Kwanza ni nzito. Kijana aliyeizungusha siku nzima anajua bega lake lilivyosema usiku. Pili, haipiti kati ya mawe wala kwenye visiki, na kila inapogonga jiwe inapiga kelele ya uongo. Tatu, na hili ndilo kubwa, inasikiliza udongo mwingi kwa mara moja. Fikirini mtu ananong'ona katikati ya mnada. Utamsikia? Lakini mtu yule yule akiweka mdomo sikioni pako, utamsikia hata mnada ukiwa umejaa. Punje ndogo chini ya koili kubwa ni mtu anayenong'ona mnadani.

Koili ndogo ni sikio lililowekwa karibu. Inasikia punje, inaingia kati ya mawe, haichoshi mkono, na inakuonyesha pa kuchimba bila kubahatisha. Hasara yake ni kwamba kilichozama sana haikipati, na inataka mtu mwenye subira.

Na umbo? Koili ya mviringo mzuri inashuka chini zaidi kidogo kuliko ya umbo la yai yenye urefu unaolingana na upana wa mviringo huo. Ya yai inapenya vizuri kwenye mawe. Basi, siyo uchawi.

TULIVYOPIMA

Wiki iliyopita ndugu zetu wa kijiji cha jirani walitukopesha koili zao mbili kwa siku moja: mono ya inchi 18 na mono ya yai ya inchi 10 kwa 5. Safari hii mwalimu alisoma kwanza maandishi, akasema ndiyo, zote ni za mashine yetu. Tukatoka kwenda kupima. Wengine mlikuwepo, semeni kama naongopa.

Dhahabu ya kufukia hatukuwa nayo. Tukatumia risasi, zile chubwi wanazofungia ndoana wavuvi wa Rukwa, kwa sababu risasi mbele ya mashine inalia karibu sawa na dhahabu ya ukubwa ule ule. Tukafukia vipande vitatu, tukaweka vijiti.

Cha kwanza, kidogo kama punje ya mchele, kimo cha vidole vinne. Koili ya inchi 18 ilipita mara tano, kimya. Dabo-di yetu ya inchi 11 ilipita, wakasikilizana wawili, mmoja akasema nasikia, mwingine akasema sisikii. Koili ndogo ya yai ilipita, wote wakasikia.

Cha pili, kama punje ya mahindi, kina cha shibiri moja. Zote tatu zilisikia, lakini ile kubwa kwa sauti hafifu iliyochanganyika na udongo.

Cha tatu, chubwi kubwa kama yai la kuku, kina cha dhiraa moja na nusu. Hapo koili ndogo haikusikia kitu. Dabo-di ikababaika. Ile kubwa ikalia vizuri, na vijana wakaruka wakishangilia.

Kwa hiyo wazee walikuwa na haki, na vijana walikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa anasema habari za dhahabu tofauti! Nawaonya lakini: udongo uliochimbwa leo na kurudishwa hauko sawa na udongo uliotulia miaka mingi. Kipimo hiki kinatuonyesha njia tu, hakimalizi maneno.

HABARI YA RISASI YA RAIS

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitusimulia habari moja ambayo sijaisahau. Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Madaktari hawakujua risasi imekaa wapi mwilini. Akaitwa Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, naye akaja na chombo chenye koili, babu wa hii mashine yetu. Akakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa. Kikampa sauti za kuchanganya, hakikuonyesha kitu.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma chini yake, nazo zikavuruga sauti. Nyingine ni kwamba daktari mkuu alikuwa amekwisha kuamua kwamba risasi iko upande wa kulia, akataka upande huo ndio upimwe. Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, na mwili ulipopasuliwa, risasi ikaonekana upande wa kushoto.

Ndugu zangu, hapo yapo mambo mawili yanayotuhusu. Chombo kizuri kikiwekwa juu ya chuma kingine kinadanganyika. Kwetu sisi springi ni zile kokoto nyekundu za bondeni. Na mtu akiamua kabla ya kupima, chombo hakitamsaidia. Sisi juzi ghalani tulitaka kufanya kama yule daktari.

DAFTARI LINASEMAJE?

Mali bila daftari huisha bila habari. Tangu tupate mashine, tumeandika kila kipande kilichopatikana: mahali, kina, uzito. Baadhi yenu mliona kazi hiyo ni usumbufu. Leo ndiyo faida yake.

Nimekaa na daftari hilo usiku mbili na taa. Vipande vingi havifikii gramu moja. Vingi vilitoka kwenye kina kisichozidi shibiri moja. Vingi, tena kwa mbali, vilitoka mlimani, pale kwenye mawe meupe yaliyovunjika, ambapo mvua inaosha udongo na kuacha dhahabu imenaswa kati ya mawe. Kipande kimoja tu kilitoka kwenye kina kilichozidi dhiraa, nacho kilikuwa kwenye uwanda karibu na mto.

Hapa Lupa watu walichekecha dhahabu ya mchanga tangu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 walijaa kila kijito. Vile vilivyoonekana kwa macho vilikwisha kuokotwa. Waliotuachia sisi ni vidogo walivyovikosa, na vichache vilivyozama. Daftari letu linasema tunaishi kwa vile vidogo. Hivyo vikubwa vya chini tunaviota tu.

Simkatazi mtu kuota. Lakini fedha ni za kununua chombo cha kazi ya kila siku.

MAONI YANGU

Maoni yangu ni haya, nanyi mtayapima.

1. Tununue koili ndogo ya yai, mono, ya inchi 10 kwa 5 au inayokaribia hapo. Itumike mlimani kwenye mawe.

2. Dabo-di yetu ya inchi 11 ibaki kwa bonde la udongo mwekundu. Huko mono itatusumbua. Msimu uliopita vijana walichimba siku mbili kwa sauti ya jiwe la chuma, shimo likafika kiunoni, wakatoka na jiwe. Halafu mbuzi wa jirani akatumbukia akavunjika mguu, na chama kikalipa. Koili isiyofaa haili betri peke yake. Inakula nguvu za watu na mbuzi wa watu.

3. Kwa uwanda wa mtoni, tuikodi ile koili kubwa kwa wiki moja baada ya mavuno, wakati majani yamekauka. Daftari lifunguliwe. Ikileta vipande, tutakaa tena mwakani tuzungumze kununua. Ikikosa, tutakuwa tumepoteza kodi ya wiki moja, siyo ng'ombe mzima.

Kijana mmoja alisimama akaniuliza: "Katibu, na kama chini kuna kipande cha nusu kilo, tumekipita juu kwa ajili ya woga wako?" Ni swali zuri, nami sikumkaripia. Nikamjibu: mwanangu, inawezekana kabisa. Lakini hebu niambie, ukiwa na mbegu ya debe moja, utaipanda kwenye shamba unalovuna kila mwaka, au kwenye pori ambalo mtu mmoja aliwahi kuokota muhindi? Akacheka, akakaa. Lakini kura yake ni yake. Anaweza kuipigia koili kubwa, na hakuna wa kumwekea kinyongo.

MAMBO YA KUSHIKA TUKISHANUNUA

Koili yoyote tutakayoichagua, tukiitunza vibaya tutakuwa tumenunua kelele. Kwa hiyo:

Moja. Aende mwalimu pamoja na kamati, asome boksi. Koili za bandia zipo sokoni, zimechorwa majina ya watu wengine. Bei ikiwa rahisi mno, ogopeni. Ifungwe kwenye mashine yetu na kupimwa na chubwi pale pale kabla ya kulipa. Risiti idaiwe na ibandikwe hapa ukutani.

Mbili. Kile kifuniko cha plastiki cha chini ya koili kifunguliwe kila jioni na kufutwa. Mchanga mweusi wenye chuma ukiingia kati yake na koili, unalia kila ukizungusha. Watu wamefukuza sauti siku nzima kumbe wameibeba wenyewe.

Tatu. Waya uzungushwe kwenye mti wa mashine na kubanwa. Waya unaoning'inia unatoa sauti za uongo. Na panya, jamani: koili itundikwe, isilazwe stoo.

Nne. Pitisha polepole, sambamba na ardhi, bila kuinua mwisho wa mkono kama mtu anayefyeka. Vua saa, weka panga na sururu mbali. Viatu vyenye chuma mbele vibaki nyumbani.

Tano. Simu izimwe au iachwe mbali. Karibu na nyaya za umeme mashine itanung'unika, na radi ya mbali pia inasikika. Wakati wa radi rudini nyumbani. Hapo siyo suala la dhahabu tena.

Sita. Kila shimo lifukiwe kabla ya kuondoka, liwe na kitu au lisiwe na kitu. Shambani kwa mtu usiingie bila ruhusa yake. Makaburini hapana kabisa.

Saba. Tupime ndani ya eneo la leseni yetu ya uchimbaji mdogo tu, na kinachopatikana kiandikwe daftarini siku ile ile, kiuzwe kwenye soko la madini. Masoko hayo yapo tangu 2019, bei inaonekana, na kila mtu anaona kilichouzwa. Atakayeuza kichakani ameiba mkono wa mwenzake aliyekatwa tumbaku.

MWISHO

Ndugu wanachama, nimesema mengi. Kura itapigwa Jumamosi saa tatu asubuhi ghalani, baada ya kila mtu kuona daftari. Daftari litakuwa mezani kuanzia Ijumaa mchana. Asiyejua kusoma aje, nitakaa pale mwenyewe nimsomee ukurasa kwa ukurasa, wala asione aibu. Aibu niliionea mimi boksi, na mnajua ilitugharimu kiasi gani.

Mkiamua koili ndogo, tutafanya kazi na ndogo. Mkiamua kubwa, mimi nitakuwa wa kwanza kuibeba kwenda mtoni, hata kwa bega hili bovu. Ila tusiamue kwa kelele. Tuamue kwa udongo wetu, kwa daftari letu, na kwa yale tuliyoyasikia kwa masikio yetu wenyewe.



Katibu

(Nyongeza ya mwandishi wa ukuta: Wanaotaka kuona vile vijiti vya kupimia, bado vipo nyuma ya ghala. Chubwi kubwa haijafukuliwa. Watoto wasiichimbe, tutaipima tena Jumamosi kabla ya kura.)